Mjomba, Kwa Nini Wamemuua?



Likizo iliyopita nilikaa wiki mbili kwa dada yangu. Ana mtoto wa kiume wa miaka minane, mpenzi wa maroboti kupita kiasi. Ana Optimus Prime wake wa plastiki, ule mwigo wa bei rahisi unaouzwa barabarani. Anageuka lori kwa shida, na mkono mmoja ulishakatika, unashikiliwa na mpira wa kufungia noti. Analala naye. Filamu mpya za Transformers ameziona zote, nyingine kwenye simu ya mama yake, nyingine sijui kwa nani. Basi mjomba mtu nikataka kuonesha ujuzi: nikamwambia kuna moja ya zamani hajawahi kuiona, katuni ya mwaka 1986. Nikaitafuta, tukaweka laptop juu ya kitanda, karanga pembeni, tukaanza.

Haikufika nusu saa, Optimus Prime akafa.

Kwa ambao hamjaiona: maadui, Decepticons, wameuzingira mji wa maroboti wema hapa duniani. Wengi wameshauawa, tena bila sherehe yoyote. Wanne wanapigwa risasi ndani ya chombo kimoja, na wawili watatu kati yao mtoto wa miaka ile aliwajua kama anavyowajua majirani. Asubuhi Optimus Prime anafika. Anajigeuza lori, anapita katikati ya maadui peke yake, halafu anapigana na mkubwa wao, Megatron, na anamshinda. Megatron anaomba huruma huku mkono unatafuta bunduki. Hapo kijana mmoja, Hot Rod, anaona ule ujanja, anaruka kusaidia. Nia njema, pupa nyingi. Megatron anamkamata, anamfanya ngao, na kwa nyuma yake anampiga Optimus. Baadaye tunamwona amelazwa kitandani, marafiki wamemzunguka, mganga wao hana la kufanya. Anakabidhi kile kitu cha nuru alichokibeba kifuani. Kisha rangi zinamtoka. Nyekundu na bluu zinageuka kijivu polepole, kichwa kinalala upande. Basi.

Mtoto akalia. Si kile kilio cha kudeka, cha kutaka biskuti. Alilia kimya, mdomo umefungwa, machozi yanashuka. Mimi nikasema lile neno ambalo watu wazima tunalisema tukikosa la kusema: "Ni katuni tu hiyo."

Akauliza: "Mjomba, kwa nini wamemuua?"

Na mimi, frateri mwenye digrii ya falsafa, nikampa jibu la kweli. Nikamwambia kampuni ilitaka kuuza midoli mipya.

Ni kweli kabisa, naomba niwape habari yote, maana inafundisha. Transformers hawakuanza kama hadithi. Walianza kama bidhaa za kampuni ya Takara ya Japani, magari na bunduki za kuchezea zinazogeuka maroboti. Aliyekuja kuwa Optimus Prime alikuwa chombo tu, roboti la kuendeshwa na kamtu kadogo ka plastiki kanakokaa ndani. Hakuwa na nafsi. Kampuni ya Hasbro ya Marekani ikanunua haki, ikawaita watu wa vitabu vya picha wa Marvel ili wawatungie hadithi. Denny O'Neil akatoa jina la Optimus Prime. Bob Budiansky akakaa na rundo la maroboti yaliyobaki, akayapa karibu yote majina na tabia: huyu mpole, huyu mwoga, huyu ana hasira za haraka. Mwaka 1984 midoli ikaingia madukani na katuni ikaingia kwenye televisheni. Mwaka huohuo mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ililegeza masharti ya matangazo kwenye vipindi vya watoto, hivyo hapakuwa na wa kuuliza kama hiki ni kipindi au ni tangazo la nusu saa. He-Man, Care Bears, My Little Pony, wote ni watu wa zama hizo, na wote wakapata filamu zao za sinema kati ya 1985 na 1986.

Sasa, midoli ya 1984 ilikuwa imeshauzwa. Ukishakuwa na Optimus Prime hununui Optimus Prime wa pili. Ikahitajika rafu isafishwe, wa zamani watoke, wapya waingie. Kwa hiyo filamu ya Agosti 1986 ilipewa kazi ya kuwaondoa wa zamani. Mwandishi wake, Ron Friedman, amesimulia baadaye kwamba aliwaonya: kumwondoa Optimus Prime ni kumwondoa baba kwenye familia, watoto hawatakubali, itabidi mumrudishe. Wakamwambia hapana, kuna makubwa yanakuja. Yaani bidhaa mpya.

Watoto wakalia kwenye majumba ya sinema, Marekani nzima. Wazazi wakalalamika, barua zikaandikwa. Filamu yenyewe haikuingiza pesa ya maana, kiasi cha dola milioni 5.8 hivi huko Marekani. Na kuna kichekesho chake. Kampuni hiyohiyo ilikuwa na filamu nyingine jikoni, ya G.I. Joe, ambamo shujaa wao Duke naye alipangiwa kufa. Walipoona yaliyowapata, wakabadilisha haraka. Picha ikabaki vilevile, mtu anachomwa kifuani na kulegea mbele ya macho yako, ila sauti ya mtu inaongezwa kusema eti amepoteza fahamu tu. Mwishoni sauti nyingine inasema amezinduka. Aisee!

Hayo yote nilimweleza mtoto, kwa ufupi wa mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza:

"Kwa hiyo hakukosea kitu?"

"Nani?"

"Optimus. Hakukosea kitu. Walipata tu wengine."

Nikasema ndiyo, hivyo hivyo, hakukosea kitu. Nikaona nimeeleweka. Hata nikajipongeza.

Usiku dada akanieleza. Mnajua baba wa mtoto aliondoka, ana nyumba nyingine mji mwingine, na mtoto mdogo huko. Hilo nilikuwa nalijua. Nisichokijua ni kwamba mtoto kwa miezi amekuwa akimuuliza mama yake swali moja kila akikaribia kulala: mimi nilikosea nini? Na mimi siku ile nimempa jibu, tena kwa ushahidi wa kihistoria. Hukukosea kitu, mwanangu. Walipata tu wengine.

Sikulala vizuri, nawaambia ukweli.

Nikawa najiuliza nimekosea wapi, kwa sababu sikusema uongo hata neno moja. Hapo nikakumbuka jambo ambalo Mtakatifu Augustino analisema akihubiri juu ya waraka wa kwanza wa Yohane, na Mtakatifu Thoma wa Akwino analirudia katika Summa anapofika kwenye mateso ya Bwana. Wanatuambia tuangalie neno moja: kutoa, au kukabidhi. Yuda alimtoa Yesu. Baba alimtoa Mwanae. Na Yesu mwenyewe alijitoa. Ni tendo moja, Ijumaa moja, msalaba mmoja. Ukitazama kwa nje huwezi kuwatenganisha. Augustino anasema tofauti haiko kwenye kilichotendeka, iko kwenye nia. Yuda aliangalia bei. Baba na Mwana waliangalia upendo, waliangalia wokovu wetu. Tendo lilelile tunalishukuru upande mmoja na kulichukia upande mwingine.

Kwa hiyo mtu akikuuliza kwa nini Yesu alikufa, unaweza kumjibu kwa hesabu tu, na usiwe mwongo. Makuhani wakuu walikuwa na wasiwasi na Warumi. Kayafa alipiga mahesabu akaona ni nafuu mtu mmoja afe kuliko taifa zima (Yoh 11:50). Bei ilikuwa vipande thelathini vya fedha (Mt 26:15). Yote ni kweli, na mtu akiishia hapo hajaambiwa Injili. Injili inaanza pale Bwana anaposema kwamba hakuna anayemnyang'anya uhai wake, anautoa mwenyewe (Yoh 10:18).

Mimi nilimpa mtoto jibu la Kayafa.

Maana ndani ya hadithi yenyewe Optimus Prime hakutupwa. Hakuna anayempiga kwa sababu amezeeka dukani. Alikwenda mwenyewe. Alijua wenzake wanakufa, akajua anayeweza kumzuia Megatron ni yeye, akaenda akijua gharama. Waliomchora walikuwa wametumwa kusafisha rafu, lakini ili kusafisha rafu iliwabidi wasimulie kifo, na kusimulia kifo cha mtu mwema huwezi bila kusema alikufa kwa ajili ya nani. Hapo hadithi ikawashinda nguvu wenye mali. Mtoto akilia haoni faida na hasara. Anaona mtu ametoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake, na Bwana mwenyewe alisema hakuna upendo unaozidi huo (Yoh 15:13). Mtoto aliona sawasawa. Mimi ndiye niliyekuwa nje, dukani, nasoma risiti.

Najua kuna wenzetu wataniambia frateri, hizo katuni zina mambo ya kishetani, lile lidude kubwa linalomeza sayari, Unicron, si lina pembe? Lina pembe, ndiyo. Ni adui kwenye hadithi, mlitaka awe na shela? Tusitafute shetani kwenye pembe za kuchorwa huku tumemwacha akipita mlango wa mbele akiwa amevaa vizuri, ameshika orodha ya bei. Papa Fransisko, katika Furaha ya Injili ya mwaka 2013, namba 53, aliuita huo utamaduni wa kutupa: binadamu mwenyewe anachukuliwa kama bidhaa, anatumika, kisha anawekwa kando. Na anaongeza jambo zito zaidi, kwamba waliotupwa hawaonekani tena hata kama wanyonywaji, wanaonekana mabaki.

Falsafa nayo ilishalisema kwa namna yake. Immanuel Kant (Mprotestanti wa Ujerumani, lakini ukweli ni ukweli) aliandika mwaka 1785 kwamba kila kitu kina bei au kina hadhi. Chenye bei, unaweza kuweka kingine badala yake na hesabu ikawa sawa. Chenye hadhi hakina mbadala. Nilipata alama nzuri sana kwenye mtihani wa somo hilo. Kisha mwenzetu mmoja akaacha seminari, rafiki yangu kabisa, tuliyekaa dawati moja miaka miwili. Jioni ileile akatolewa kwenye kundi la WhatsApp. Wiki iliyofuata kitanda chake kikapata mtu. Zamu yake ya kusoma masomo kwenye Misa ikapata mtu. Hesabu ikawa sawa. Na mimi sikumpigia simu, miezi saba, kwa sababu sikujua nianzie wapi, na kwa sababu, niseme tu, palikuwa pameshajaa. Wala hatukuwa na kampuni nyuma yetu ya kutuamrisha. Tulifanya wenyewe, bure.

Angalieni na huko mliko. Yule mama wa kwaya ambaye sauti imechoka, aliyewafundisha wote sauti ya pili, siku hizi anaambiwa mazoezi yameahirishwa kumbe wenzake wako kanisani wanaimba. Binti aliyeachwa kwa ujumbe wa mistari miwili, na picha mpya imeshapandishwa kabla ya Dominika. Bibi aliyelea wajukuu sita. Sina haja ya kuendelea, kila mtu ana wake.

Turudi kwenye kile kifo, kuna kitu kidogo sikukiona mara ya kwanza. Yule kijana Hot Rod, ambaye pupa yake ndiyo iliyompa adui nafasi, amesimama palepale kitandani. Optimus hamlaumu. Hamgusii hata kidogo. Anapokabidhi ile nuru kwa mwingine inaponyoka, na anayeidaka ni Hot Rod. Kwenye mikono yake inawaka kidogo, kabla hajaipeleka kwa aliyekusudiwa. Mwisho wa filamu ni yeye anayeweza kuifungua, aliyekabidhiwa ameshashindwa. Nilipoiona nikamfikiria Petro na jogoo wake, na ule moto wa makaa kando ya ziwa ambapo aliyekana mara tatu anaulizwa mara tatu kama anapenda (Yoh 21). Sisemi waandishi walikusudia hivyo. Nasema hadithi ya kweli ikiwa imeshasimuliwa duniani, nyingine zote hata za plastiki zinaiangukia bila kujua.

Kuna habari nyingine ninayoipenda. Peter Cullen, aliyempa Optimus sauti, amesimulia kwamba siku ya kwenda kufanyiwa usaili aliongea na kaka yake, mwanajeshi aliyepigana Vietnam. Kaka akamshauri kwamba shujaa wa kweli hapigi kelele; awe na nguvu ya kutosha hata aweze kuwa mpole. Cullen akaenda akatumia sauti ya kaka yake. Kwa hiyo ile sauti ambayo watoto waliililia haikutoka kiwandani. Ilitoka kwa mtu aliyerudi vitani, kupitia mdogo wake aliyempenda. Kampuni ilidhani inamiliki kila kitu kwenye lile boksi.

Lakini nisiwafanye mwamini kwamba roboti ni Yesu. Huyu naye alirudi, kwenye kipindi cha televisheni, mapema 1987, wala haikufika mwaka. Alirudi kwa sababu barua zilikuja na soko lilinuna. Bwana wetu hakufufuka kwa kuwa wafuasi wake walisisitiza. Hao wafuasi walikuwa wamejifungia ndani, na wanawake waliokwenda kaburini alfajiri walibeba manukato ya kupaka maiti. Hakuna aliyekuwa akimngoja. Alifufuka bila mahitaji ya soko, kama ningeruhusiwa kusema hivyo, na Mtume Petro anatuambia tulinunuliwa, lakini si kwa fedha wala dhahabu zinazoharibika, bali kwa damu ya thamani (1 Pet 1:18-19). Unaona? Hapo kuna manunuzi, lakini hakuna rafu. Aliyelipa hakulipa ili akuuze tena.

Asubuhi yake nikamwita mtoto. Nikamwambia mjomba jana alijibu vibaya, naomba tuangalie tena. Hakutaka mwanzoni. Tukaangalia kile kipande tu. Alipofika pale lori linapoondoka peke yake kuelekea kwa maadui, nikasimamisha, nikamuuliza: "Hapa nani amemtuma?"

Akafikiri. "Hakuna. Ameenda mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Wenzake walikuwa ndani."

Nikamwambia hilo ndilo jibu la swali lako la jana. Nikataka kuongeza mengi, Yohane kumi na Yohane kumi na tano na Augustino, nikajizuia. Akawa anamgeuzageuza yule wake wa plastiki, anajaribu kukaza mpira wa mkono. Baadaye sana, karanga zimeshaisha, bila kuniangalia, akasema: "Na baba je?"

Wapendwa, hapo digrii yangu iliishia. Sikumwambia baba yake atarudi, kwa sababu sijui, na mtoto akidanganywa na frateri atamsamehe nani tena? Nilimwambia jana nilisema hukukosea kitu, na hilo lilikuwa kweli, libaki nalo. Lile la pili, kwamba walipata wengine, nilisema vibaya. Hakuna wengine. Wewe hujawahi kuwa na mwingine. Kwa Mungu hakuna mtoto anayechukua nafasi yako, hata yule mdogo wako wa huko, naye ana yake. Akauliza yule mdogo anaitwaje. Sikuwa najua. Tukamuuliza mama yake, akakaa kimya kidogo, halafu akatutajia.

Tangu siku hiyo, dada ananiambia, kwenye sala ya usiku mtoto anataja majina mawili zaidi. Na mimi nilimpigia simu yule rafiki yangu. Hakupokea. Nimempigia tena jana, akapokea, tukaongea dakika nne, nyingi zikiwa za kimya. Nitampigia Dominika.

Leo jioni mkishika rozari, naomba fungu moja kwa ajili ya huyu mtoto. Jina lake Mungu analijua. La pili mweke nia ya baba yake, msiniulize kwa nini.